Uliza Mfuga Samaki: Siklidi wa Maziwa Yetu Ndani ya Kioo

Barua za toleo hili karibu zote zinaomba jina la dawa. Nitalitaja pale inapobidi, lakini kila anayeniandikia ajiandae kuulizwa kwanza maswali mawili: samaki wako asili yake ziwa gani, na huko ziwani anakula nini? Asiyejua hayo, dawa haitamsaidia.

Kwa wasomaji wageni kwenye ukurasa huu: siklidi ni ukoo wa samaki unaowajumuisha hata perege na sato tunaowakaanga. Kwetu Kigoma kuna kuhe, mmoja wa siklidi wakubwa kuliko wote duniani, na kuna wale wadogo wa rangi wanaoishi kwenye miamba, ambao nimewavua kwa kuzamia tangu ujanani na ninawafuga hadi leo nikiwa Dar es Salaam. Ziwa Tanganyika peke yake lina zaidi ya aina 200 za siklidi, na karibu wote hawapatikani popote pengine. Ziwa Nyasa lina mamia ya kwake, Viktoria vilevile. Kwa hiyo mtu akisema tu kwamba anafuga siklidi wa Afrika, bado hajaniambia kitu.

*

Shikamoo mzee. Nina tangi la lita 200, ndani yake nina duboisi kumi na wanne waliotoka Kigoma. Wiki mbili zilizopita mmoja aliacha kula akajitenga nyuma ya jiwe. Tumbo likavimba, akawa anatoa kinyesi cheupe chembamba kinachoning'inia. Amekufa, na sasa wawili wameanza vilevile. Chakula nawapa kizuri: asubuhi dagaa wa kusaga, jioni moyo wa ng'ombe uliokwanguliwa. Nimeambiwa ninunue antibiotiki. Ninunue ipi?
*Kijana wa Tabata, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Antibiotiki acha kwanza. Leo hii ondoa dagaa na moyo wa ng'ombe, na usiwape chochote kwa siku tatu. Hawatakufa njaa.

Sasa nikueleze kwa nini, maana ukielewa hili utakuwa umeokoa tangi zima. Duboisi ni mla majani. Mtazame mdomo: umekaa chini ya pua, mpana, na meno ya mbele yamejipanga mstari mmoja. Mdomo huo ni wa kunyofolea mwani kwenye mwamba. Ukizamia pale mita kumi, maji yakiwa meupe, utamwona ameinamisha kichwa kwenye jiwe, ananyofoa, anasogea kidogo, ananyofoa tena, na ndivyo anavyoshinda kutwa nzima. Mwani ni chakula hafifu, ndiyo maana Mungu amempa utumbo mrefu sana uliojikunja, mara kadhaa ya urefu wa mwili wake, ili chakula kikae humo kikisagwa taratibu. Samaki wa namna hiyo ukimlisha moyo wa ng'ombe, nyama na mafuta yale yanakwama ndani na kuchacha. Kuna vijidudu ambavyo samaki wengi wanavyo tumboni kwa kiasi kidogo bila madhara. Utumbo ukishachafuka vinaongezeka, vinashambulia kuta za utumbo, na hapo ndipo kinatoka kile kinyesi cheupe. Tumbo linalofura huja mwishomwisho. Ukiliona limefura kabisa na magamba yamesimama, huyo samaki kuokoka ni kwa bahati. Wako wawili ndiyo kwanza wameanza, kwa hiyo tumaini lipo.

Dawa inayosaidia hapa ni metronidazo, ambayo wengi tunaifahamu kwa jina la Flagyl. Zungumza na daktari wa mifugo akuandikie. Kipimo ambacho wafugaji wengi hutumia ni miligramu 250 kwa kila lita 40 za maji. Saga kidonge, koroga kwenye kikombe cha maji ya tangi, mimina. Kesho yake pumzika; siku inayofuata badili robo ya maji kisha rudia dozi, hadi itimie mara tatu. Kama chujio lako lina mkaa, utoe kabla hujaanza, maana mkaa hunyonya dawa yote. Tibu tangi zima, usiwahamishe wale wawili tu: wote wamekula chakula kilekile, na duboisi akitolewa kundini kisha akarudishwa hupigwa na wenzake hadi augue upya. Pamoja na dawa unaweza kuweka chumvi ya Epsom, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 20, ili tumbo lifunguke. Iyeyushe kwanza.

Wakianza kuchangamka, chakula kiwe cha majani. Nunua chakula cha vipande vyembamba chenye spirulina, kiumbe kidogo cha majini kama mwani, na soma karatasi ya nyuma: spirulina au mwani viwe mwanzoni mwa orodha, siyo mwishoni baada ya unga wa samaki. Nyumbani chemsha mchicha dakika moja, au menya njegere uziponde, au funga kipande cha tango kwenye jiwe lizame. Wape kidogo mara mbili au tatu kwa siku, kiasi wanachokimaliza kwa dakika moja hivi. Watakuja kiooni kuomba kila ukipita, na mwanangu usiwaonee huruma. Samaki hawa ziwani hawajui kushiba.

Dagaa wako wasitupwe. Wape perege, wape kambale, wape kuku. Kwa duboisi hapana.

*

Habari yako kaka. Nilinunulia watoto tangi la lita 120 pamoja na samaki kumi na wawili, wa manjano na wa bluu, wote kwa siku moja. Aliyeniuzia alisema kila Jumamosi nimwage maji yote na nioshe sponji kwa maji ya mfereji mpaka itakate. Nimefanya hivyo. Wiki ya pili wakaanza kwenda juu na kuhema, hasa asubuhi. Nikasoma kwamba siklidi hutaka maji yenye pH ya juu, nikaweka baikaboneti ya soda vijiko vitatu vya mezani kwa mkupuo. Usiku huo wakafa wanne. Watoto wamelia sana. Nimekosea wapi?
*Mama wa Watatu, Buruburu, Nairobi*

Salama dada, na poleni sana nyumbani. Maelekezo uliyopewa siyo sahihi, na ulichosoma kuhusu pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji (chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali), ni kweli ila kimefanywa kwa saa mbaya. Niruhusu niende polepole hapa, kwa sababu tangi jipya linaua samaki wengi kuliko magonjwa yote ninayoandikiwa.

Samaki anapumua na kutoa uchafu, na uchafu huo mwingi ni amonia. Inatoka hasa kwenye matamvua. Amonia ni sumu. Ziwani inapotelea kwenye maji yasiyo na mwisho; Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470. Kwenye lita 120 inarundikana. Kinachotuokoa ni bakteria wanaoishi kwenye sponji, kwenye mchanga na juu ya mawe. Kundi la kwanza linaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, inazuia damu kubeba oksijeni mpaka matamvua yanakuwa ya kahawia. Kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki wanaivumilia, unaipunguza kwa kubadili sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hawa huzaliana polepole. Kwa kawaida tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita kabla halijakomaa. Wewe kila Jumamosi ukiosha sponji kwa maji yenye klorini ulikuwa unawaua, wakianza upya unawaua tena. Samaki wakabaki na amonia yao.

Sasa hiyo baikaboneti. Amonia majini iko katika sura mbili. Sura moja haimdhuru sana samaki, nyingine ndiyo inayompenya matamvua na kumuunguza. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH, na joto kwa kiasi chake. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 25, ile yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Yakipanda hadi pH 8, inakuwa kama asilimia 5. Yakifika pH 9, ni zaidi ya theluthi. Maji yako hayakuwa na amonia mpya usiku ule, dada. Ilikuwamo tayari, na vijiko vitatu viliigeuza kuwa sumu kwa muda mfupi. Ndiyo maana nasema siklidi wa maziwa yetu hawasamehi amonia. Maji wanayoyapenda ndiyo yanayoinoa.

Fanya hivi. Leo badili nusu ya maji, na kesho kutwa robo. Maji mapya yakae kwenye ndoo siku nzima huku pampu ya hewa ikipuliza ili klorini itoke, au tumia dawa ya kuondoa klorini, ile ya thiosalfeti, inayouzwa kwa matone kwenye maduka ya samaki. Baadhi ya maji ya mjini hutiwa kloramini badala ya klorini ya kawaida, na hiyo haitoki kwa kulaza maji, kwa hiyo ukiweza nunua matone. Joto la maji mapya lilingane na la tangi. Chakula kipunguze hadi mara moja kwa siku, kidogo sana. Nunua vifaa vya kupimia amonia na nitriti. Hivyo ndivyo vya kwanza kununuliwa, kabla hata ya mapambo. Vyote viwili vinatakiwa visome sifuri. Ukimpata jirani mwenye tangi kongwe lenye samaki wazima, muombe kipande cha sponji yake chafu, uje nacho kikiwa kimelowa, ukiweke ndani ya chujio lako. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo kwa tangi changa. Na sponji ikiziba, ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyochota humohumo tangini. Iache na rangi yake ya udongo.

Kuhusu pH, maji ya mfereji ya Nairobi mengi yanateremka kutoka Aberdare, ni maji laini yasiyo na madini mengi. Samaki wako wa manjano, kwa maelezo yako naamini ni labidokromi, ni wa Ziwa Nyasa, anastarehe kwenye pH ya kama 7.8 hadi 8.4. Kwa hiyo ni kweli maji yako yanahitaji kuinuliwa, ila usiguse baikaboneti mpaka amonia isome sifuri. Njia ninayoipenda mimi ni chokaa: kokoto za mawe ya chokaa ndani ya chujio, au mchanga wa matumbawe uliosagwa chini ya tangi. Ukitaka kujua kama jiwe lina chokaa, lidondoshee siki. Likitoa mapovu, ndilo. Linayeyuka kidogokidogo na maji hayarukiruki. Baadaye ukitaka kutengeneza maji ya kubadilishia, wafugaji wengi wa siklidi hutia kwenye lita 20 kijiko kidogo cha baikaboneti, kijiko kikubwa cha chumvi ya Epsom na kijiko kidogo cha chumvi ya matangi ya bahari. Kipimo hicho kinaelekea zaidi maji ya Tanganyika. Kwa Nyasa tumia nusu. Kila kitu kiyeyuke kwenye ndoo kwanza. Na hakikisha ni baikaboneti tupu, siyo ile poda ya kuumulia keki ambayo imechanganywa na asidi.

Watoto wasiletewe samaki wapya mpaka vipimo viwe sifuri kwa wiki mbili mfululizo. Waambie walioko ndio wanaojenga nyumba.

*

Mzee, huku Tanga kuanzia Desemba tangi langu linafika nyuzi 31, na umeme nao ukikatika unaweza kukaa saa nyingi. Nimeshazima hita. Nifanye nini tena?
*Mvuvi wa Raskazone, Tanga*

Ziwa Tanganyika juu juu hucheza kati ya nyuzi 24 na 27 mwaka mzima, kwa hiyo nyuzi 31 kwao ni homa. Tatizo kubwa lenyewe ni hewa. Maji ya nyuzi 25 hubeba oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita, ya nyuzi 30 ni 7.6. Huo upungufu kwa macho ni mdogo, ila samaki naye kwenye joto anahitaji oksijeni zaidi, na bakteria wa chujio pia. Na hawa ni samaki wa mawimbi, wamezoea maji yanayopigwa kwenye miamba.

Fungua mfuniko wa tangi. Elekeza feni ipulize juu ya maji usawa wa uso wake. Maji yanayokuwa mvuke huondoka na joto, na utapata nyuzi mbili hivi pungufu. Tangi litapungua maji kila siku, sasa usijazie kwa maji ya kisima chenye chumvi, kwa sababu yanayopaa ni maji matupu na madini yanabaki, ukiongeza ya chumvi unayalimbikiza. Jazia maji laini, hata ya mvua kama unayakinga kwenye paa safi. Siku ya joto kali elea chupa ya maji yaliyogandishwa, moja moja. Usimimine barafu.

Umeme ukikatika usilishe. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri, ile ya wavuvi wa kubeba chambo hai, uiweke karibu. Ikikosekana, chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu kila baada ya dakika chache, na washirikishe vijana wa nyumbani. Jambo ambalo wengi hawalijui: chujio la nje lililofungwa, likisimama saa kadhaa, bakteria ndani hukosa oksijeni na kuanza kufa. Umeme ukirudi usiliwashe likamwaga uozo wote tangini. Lifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

*

Nina auratus wa Nyasa. Alipokuwa mdogo alikuwa wa manjano mwenye mistari, mpole. Sasa amegeuka mweusi na ameua watatu. Nimtoe?
*Mwalimu wa sekondari, Mwanza*

Amegeuka mweusi kwa sababu ni dume na amekomaa. Majike na watoto hubaki manjano. Mbuna, yaani siklidi wa miamba ya Nyasa, dume lake hushika jiwe na kulilinda, na kwa auratus ukali huo umezidi wengine wengi. Ziwani aliyefukuzwa anakimbia mita tano, ugomvi umekwisha. Kwako mita tano hazipo.

Ndiyo, kama tangi halifiki lita 200, mtoe, mpe mwenye tangi kubwa. Kama unalo kubwa, dume mmoja apewe majike wanne au zaidi ili hasira yake isimwangukie mmoja. Panga mawe yawe marundo yanayokatiza macho, asiweze kuona tangi zima akiwa mahali pamoja, na mawe yakae juu ya kioo cha chini au juu ya ubao laini wa plastiki kabla ya mchanga, maana mbuna huchimba na jiwe likiporomoka linapasua kioo. Ukiingiza samaki wapya, siku hiyohiyo hamisha mawe yote. Wakubwa nao wanakuwa wageni.

Lakini mwalimu, nina ombi kwako. Upo Mwanza. Kando yako kuna furu, siklidi wadogo wa Viktoria ambao dume lake likiwa kwenye rangi ya kuzaliana, wekundu na ubuluu wake, hakuna mbuna anayemzidi. Sangara alipandikizwa ziwani humo miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 furu walikuwa wamefyekwa vibaya, aina nyingi zikatoweka. Wako Wazungu na Wamarekani wanaowatunza furu vizazi na vizazi kwenye matangi ili wasiishe. Inaniuma kwamba mtoto wa Mwanza anamjua auratus wa kununua asimjue furu wa mlangoni kwake. Nenda idara ya uvuvi ukaulize utaratibu na kibali, kisha anzisha tangi la furu shuleni, aina moja tu, bila kuwachanganya na wa Nyasa, kwa sababu wanaweza kuzaana na ukapoteza mbegu. Ukifanikiwa niandikie, ukurasa mzima nitakuachia.

*

Jike langu la manjano hali chakula wiki ya pili sasa, amevimba chini ya kidevu, anajificha. Ni ule ugonjwa wa tumbo uliouandika toleo lililopita?
*Mama wa Mikocheni, Dar es Salaam*

Mama, hongera, una wajukuu. Tazama vizuri: kilichovimba ni koo, siyo tumbo, na kila baada ya muda anafanya mdomo kama anatafuna. Anageuza mayai ili yapate hewa. Mbuna na jamaa zao huatamia mdomoni. Dume ana vidoa vya manjano kwenye pezi la chini karibu na mkia, vinafanana na mayai. Jike akishataga anayaokota mayai yake mara moja, halafu anavifuata vile vidoa akidhani bado kuna yaliyobaki. Anapofungua mdomo hapo ndipo anapopokea mbegu za dume, na mayai yanarutubishwa akiwa nayo mdomoni. Nimelitazama hilo mara nyingi na bado huwa naacha kazi nikakaa.

Atafunga hivyo kama wiki tatu. Usimwinde kwa wavu, akishtuka atayatema au kuyameza. Kama wenzake wanamsumbua, mhamishe usiku taa zikiwa zimezimwa, kwa chombo siyo kwa wavu, awe peke yake. Akishawaachia watoto, mpe siku kadhaa ale anenepe kabla hujamrudisha. Tofauti na ugonjwa ni hizi: mgonjwa huhema haraka, hujitenga kwenye kona akiwa amefifia rangi, na kinyesi chake huwa cheupe. Jike anayeatamia yuko macho na anakutazama.

Na kwa kijana wa Tabata hapo juu: duboisi naye huatamia, ila jike lake huendelea kudonoa chakula ili kulisha watoto walioko mdomoni. Kwa hiyo kwake kula siyo dalili kwamba hana mayai.

*

Naweza kutumia makombe ya pwani kwa wale siklidi wadogo wanaolala kwenye makombe?
*Msomaji wa Malindi*

Unaweza. Kwao Tanganyika wanatumia makombe ya konokono aitwaye neothauma, yaliyojaa chini ya ziwa sehemu nyingine kama zulia. Chagua la konokono lenye mdomo upana wa kidole gumba na tumbo la mviringo, lisilo na ncha kali ndani. Chukua matupu tu, yasiwe na kaa anayeishi humo. Yachemshe, yaloweke siku mbili, suuza. Kila samaki apate makombe mawili au matatu, na mchanga laini wenye kina cha sentimita tano, siyo kokoto. Kisha kaa umtazame oselata, mmoja wa hao siklidi wa makombe, anavyofanya: anachimba mchanga chini ya kombe kwa mdomo, anajipinda na kulisukuma, anahamia upande wa pili, mpaka kombe linazama na kubaki mdomo tu juu ya mchanga, ukiwa umeelekea anakotaka yeye. Ukilihamisha atalirudisha. Kombe ni chokaa vilevile, kwa hiyo linakusaidia kuinua pH.

*

Mimi naishi Bujumbura, ziwa naliona dirishani. Je, naweza kuchota maji ya ziwa moja kwa moja nikayatia tangini? Pia nina samaki wengi waliozaliana, baadhi wa Nyasa nilionunua. Je, niwaachie ziwani?
*Msomaji wa Bujumbura*

Nianze na la pili: usifanye hivyo, ndugu yangu, hata mmoja. Siyo wa Nyasa tu. Hata wa Tanganyika waliozaliwa kwenye tangi lako wasirudi. Samaki wa tangini anaweza kubeba ugonjwa ambao ziwa halijawahi kuuona. Na hata kama ni mzima, siklidi wetu wamegawanyika sana: mwamba huu una wa rangi yake, ukivuka ghuba ya mchanga unakuta ndugu yake mwenye rangi nyingine, na wamekaa hivyo tangu zamani sana. Kule Ziwa Nyasa, kwenye kisiwa cha Thumbi Magharibi, wafanyabiashara wa samaki wa mapambo walihamishia mbuna wa sehemu nyingine za ziwa hilohilo, nao wakaota mizizi na kuchanganyika na wenyeji. Hawatoki tena. Wewe una samaki wa ziwa jingine kabisa. Wagawe kwa wafugaji wengine, peleka shuleni, au tenganisha madume na majike ili wasiendelee kuzaana. Aliyekufa umzike bustanini, usimtupe kwenye mfereji unaoshukia ziwani, na maji ya tangi unayomwaga yamwagie miti.

Maji ya ziwa, ndiyo, ni bora kuliko chochote nilichomwelekeza dada wa Nairobi. pH yake ni kama 8.6 hadi 9, na madini yote yamo. Ila usichote ufukweni mjini, penye mitaro na mito ya mjini inayoingia, hasa baada ya mvua. Ukiwa na mvuvi unayemfahamu, mpe madumu akuletee maji ya mbali na pwani. Madumu yawe hayajawahi kubeba mafuta wala sabuni. Yakifika yaache yatulie usiku mmoja, uchafu ushuke, kisha tia tangini yale ya juu.